Programu yangu ina usahihi wa asilimia 95, mbona daktari wa macho ameikataa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, uhandisi wa vifaa tiba, Dar es Salaam. Mradi wangu ni programu ya kuchora mishipa ya damu kwenye picha za nyuma ya jicho. Nimeifundisha kwa picha za DRIVE, ule mkusanyo wa picha za macho kutoka Uholanzi, na imepata usahihi wa asilimia 95. Msimamizi wangu amefurahi sana. Lakini nilipompelekea daktari wa macho, aliangalia picha ya kwanza kama sekunde kumi hivi akasema, "Mishipa yako imekatikakatika, halafu hapa umeunganisha ateri na vena." Akanirudishia simu yangu. Sasa nani yuko sahihi, msimamizi au daktari? Na je, nikienda uzamili naweza kuichukua programu hii hii nikaitumia kwenye skani ya CT ya moyo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikiri kwamba udaktari wangu ni wa hesabu na picha, sijawahi kumchoma mtu sindano. Kwa hiyo ninaposema daktari wa macho ndiye aliye sahihi, simtetei mtu wa kada yangu. Msimamizi wako naye hajakudanganya. Namba aliyoisoma ni ya kweli. Ila namba hiyo inajibu swali ambalo daktari hakuliuliza.

Tuifungue hiyo 95. Picha moja ya DRIVE ina pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda picha, 565 kwa 584, lakini jicho lenyewe limo ndani ya duara, na ndani ya duara kuna pikseli kama 227,000. Katika kila 100 za hizo, zilizo mshipa ni kama 13 tu. Sasa andika programu ya mvivu: isitazame chochote, kila pikseli iiite "si mshipa". Itapata asilimia 87. Ukisahau kuziondoa kona nyeusi zilizo nje ya duara, na wanafunzi wengi husahau (nimesahihisha tasnifu za kutosha kulijua hilo), mvivu huyo huyo anapanda hadi karibu 91. Kwa hiyo wewe hukupanda kutoka sifuri hadi 95. Mvivu alikubeba hadi 87, ukamalizia ngazi chache zilizobaki.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukuambiwa. Picha 20 za majaribio za DRIVE zilichorwa na watu wawili tofauti. Ukimchukua wa kwanza kuwa ndiye ukweli, ukampima wa pili kwa kipimo chako, anapata karibu asilimia 95 vilevile, na wakati huo huo anakosa zaidi ya moja ya tano ya pikseli ambazo mwenzake ameziita mshipa. Hawa ni binadamu waliofundishwa kazi hiyo, wameketi mbele ya picha ile ile. Sehemu kubwa ya ugomvi wao iko kwenye kingo za mishipa na kwenye vimishipa vyembamba kama uzi, ambavyo mmoja anaviona na mwingine anasema ni kivuli. Ina maana ukifika 95 umeshaingia kwenye eneo ambalo namba hiyo haiwezi tena kusema nani hodari. Ukiongeza nukta tatu za desimali, huenda unajifunza tu mkono wa mchoraji wa kwanza.

Sasa rudi kwa daktari na zile sekunde zake kumi. Hakuhesabu pikseli. Jicho lake lilianza kwenye diski, lile duara jeupe ambako neva ya macho inaingia na mishipa yote inachomoza, likafuata mshipa mmoja kwenda nje kama mtu anayefuata barabara kwenye ramani. Likafika mahali barabara imeisha porini, kisha ikaanza tena mbele kidogo. Mshipa hauwi hivyo. Damu haiwezi kuruka pengo.

Pengo lenyewe lina ukubwa gani? Mshipa mwembamba kwenye picha hizi una upana wa pikseli 1 au 2. Ukikatika kwa urefu wa pikseli 3, umepoteza pikseli 3 hadi 6 kati ya 227,000. Usahihi wako hautatikisika hata kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kipande cha mbele kinapata damu kutoka wapi, pengo hilo limefuta tawi zima. Na kinyume chake pia: ukinenepesha mshipa mkubwa kwa nusu pikseli kila upande, utaharibu mamia ya pikseli, namba yako itashuka, na daktari hataona kitu. Kipimo chako kinapiga kelele mahali pasipouma na kunyamaza panapouma.

Kwa nini mtandao wako wa neva, yaani programu yako inayojifunza kwa mifano, unakata? Kwa sababu hakuna aliyeuambia kwamba kukata ni kosa. Nachukulia umetumia mtandao uitwao U-Net au mmoja wa wadogo zake. Hizo zilitoka Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015, na leo ndizo kila mwanafunzi anaanza nazo, kwa haki kabisa. Wakati wa mafunzo, adhabu inahesabiwa pikseli kwa pikseli, kila moja kivyake, kisha zinajumlishwa. Pikseli 3 za pengo na pikseli 3 za ukingo uliopinda zinalipa faini moja. Mtandao ni mfanyabiashara mzuri: unatafuta punguzo palipo na pikseli nyingi, yaani kwenye mishipa minene. Vimishipa vya pembeni unaviachia bahati.

Wazee wetu wa fani hii walikuwa na shida nyingine, na ni vizuri uijue kwa sababu utakutana nayo kwenye CT. Wao waliutafuta mshipa kwa umbo. Mwaka 1989 Chaudhuri na wenzake walichukua kiolezo cha kipande cha mshipa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, wakakizungusha nyuzi 15 kila mara, mielekeo 12, wakatazama ni wapi kinakaa vizuri. Mwaka 1998 Alejandro Frangi na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, wakatoa chujio ambalo hadi leo utalikuta karibu kila programu ya picha za tiba. Linaelezwa kwa hesabu zinazotisha, lakini kama umewahi kutembea kwenye shamba la viazi vitamu tayari unalijua.

Fikiria mwanga wa picha ni ardhi: palipong'aa ni juu, penye giza ni chini. Mshipa uliojaa dawa ya kontrasti, ile anayochomwa mgonjwa ili damu ing'ae, unakuwa tuta refu. Panda juu ya tuta, simama. Mbele yako na nyuma yako, kwa urefu wa tuta, ni tambarare. Kulia na kushoto, ardhi inashuka. Hiyo ndiyo alama. Kwenye skani yenye pande tatu kuna mielekeo mitatu: kwenye mshipa mmoja ni tambarare na miwili inashuka; kwenye kitu cha mviringo kama donge yote mitatu inashuka; kwenye kitu bapa kama utando unashuka mmoja tu. Kompyuta inauliza swali hilo kwenye kila nukta ya skani, kisha inairudia kazi yote baada ya kuififisha picha kidogo, tena zaidi, tena zaidi, ili imnase mwembamba na mnene kila mmoja kwa saizi yake. (Kwenye picha za jicho mishipa ni myeusi kuliko inayoizunguka, kwa hiyo geuza mfano: badala ya tuta, mfereji. Hesabu ni ile ile, alama tu zinabadilika.)

Tembea basi juu ya tuta lako hadi linapogawanyika. Hapo hakuna tena mwelekeo mmoja ulio tambarare. Chujio linaduwaa, na jibu lake linafifia palepale kwenye njia panda. Hili ni kosa linalofahamika na lina dawa zake. Linalonisumbua mimi ni kosa la pili, ambalo watu hulipita haraka. Chujio limefundishwa kwamba mshipa ni bomba lililonyooka, lenye unene unaobadilika polepole. Hiyo ni sura ya mshipa mzima. Mgonjwa amekuja kwa sababu mshipa wake umeacha kuwa hivyo: umesinyaa ghafla kwa mafuta yaliyoganda, au umevimba kama puto. Puto, kwa hesabu ile ya matuta, ni donge, na donge linafutwa. Yaani programu inachora kwa uhodari mishipa ambayo hakuna aliyeiuliza, na inatia ukungu kwenye sentimita moja iliyomleta mgonjwa hospitali. Na usidhani mitandao ya neva imeokoka. Inajifunza kile ilichoonyeshwa. Katika picha 40 za DRIVE, ambazo zilitoka kwenye uchunguzi wa wagonjwa wa kisukari Uholanzi, 33 hazina dalili yoyote ya ugonjwa wa retina na 7 zina dalili za mwanzo tu. Mtandao wako umekulia kwa watu wenye macho mazima. Utakapokutana na retina yenye matone ya damu na madoa ya mafuta, usishangae ukiyageuza kuwa mishipa.

Hapo hapo kuna jambo la kwetu. Nyuma ya jicho la Mwafrika kwa kawaida kuna rangi nzito zaidi kuliko kwa Mholanzi, na tofauti ya mwanga kati ya mshipa na kilicho nyuma yake haiwi ile ile. Kamera yako nayo si yao. Kabla hujaandika neno "inafanya kazi" kwenye tasnifu, omba picha hata 10 zilizopigwa hapa, zenye ruhusa ya maandishi na zilizofutwa majina, uzichore kwa mkono mwenyewe, jioni mbili tatu, uone. Chora kwenye chaneli ya kijani, yaani rangi ya kijani peke yake ya picha. Hemoglobini inameza mwanga wa kijani, ndiyo maana mishipa inaonekana vizuri zaidi hapo kuliko kwenye nyekundu. Ukishachora picha 10 kwa mkono hutamdharau tena yule mchoraji wa pili.

Sasa lile kosa la ateri na vena. Picha ya jicho ni bapa, dunia yenyewe si bapa. Pale Tazara, magari ya barabara ya Nyerere yanapita juu kwenye daraja na ya Mandela yanapita chini. Ukipiga picha kutoka angani utaona msalaba, na mtu asiyeijua Dar ataapa kwamba unaweza kukata kona moja kwa moja kutoka pale juu. Retina imejaa Tazara ndogondogo. Ateri inapita juu ya vena, kwenye picha wanaonekana kama wamekutana, na programu yako, ambayo inajua tu "hii ni mshipa, hii si mshipa", inatoa msalaba mmoja mwekundu. Daktari kauona mara moja kwa sababu anajua kanuni moja ambayo programu yako haijui: kwenye retina ateri haikatizi ateri, wala vena haikatizi vena. Wanaokatizana ni wa jinsia mbili tofauti. Kwa hiyo kila msalaba ni ateri na vena, na kila panapogawanyika mara mbili ni tawi la mshipa mmoja. Ukiiweka kanuni hiyo kwenye programu, nusu ya fumbo imeteguka kabla ya kufundisha chochote. Kwa data, tafuta toleo liitwalo RITE: ni picha zile zile za DRIVE, ila mtu ameketi akatenga ateri na vena moja moja. Hutalazimika kuanza upya.

Kuhusu mapengo, fanya hivi. Chukua matokeo yako, yakondeshe mpaka kila mshipa ubaki mstari wa pikseli moja, yaani mstari wa kati. Weka maji kwenye diski, kimawazo, uyaache yatiririke. Kila kipande ambacho maji hayakukifikia ni uchafu, au ni mshipa uliokatwa. Hesabu vipande hivyo. Hiyo namba, idadi ya vipande vilivyo vikavu kwa kila picha, ndiyo ningetaka kuiona kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo yako, na ndiyo daktari aliihesabu kwa macho.

Halafu viunge. Hapa kuna mbinu ya zamani ambayo naipenda kuliko nyingi za kisasa. Edsger Dijkstra alichapisha mwaka 1959 njia ya kutafuta mkondo mfupi kuliko yote kati ya vituo viwili, na mwaka 1997 Cohen na Kimmel wakaipeleka jamaa yake kwenye picha. Fikiria bodaboda anayetaka kutoka ncha moja ya pengo hadi ncha ya pili. Pikseli inayofanana na mshipa ni lami, anapita bei rahisi. Isiyofanana ni matope, anatozwa sana. Yeye hatafuti njia iliyonyooka, anatafuta yenye gharama ndogo kwa jumla, kwa hiyo atafuata lami hata ikipinda, na matope ya hatua tatu nne atayavumilia. Ndiyo maana mapengo mafupi anayavuka bila kuambiwa. Tatizo lake ni la bodaboda wote: akiona njia ya mkato anaichukua. Ukimwekea ncha mbili za mishipa miwili tofauti iliyo jirani, atakuunganishia kwa furaha. Mpe masharti: ncha zielekeane, unene ufanane, na urefu wa pengo usizidi kiasi fulani utakachokitaja waziwazi kwenye tasnifu.

Au rekebisha mafunzo yenyewe. Mwaka 2021 Suprosanna Shit na wenzake walichapisha kipimo kinachoitwa clDice. Wazo lake ni jepesi kiasi cha kukufanya ujiulize kwa nini lilichelewa. Chukua mstari wa kati wa mishipa uliyochora, uliza: sehemu gani ya mstari huu imo ndani ya mishipa ya kweli? Kisha geuza: sehemu gani ya mstari wa kati wa ukweli imo ndani ya mishipa yangu? Mshipa mnene na mwembamba sasa wanalingana, kwa sababu kila mmoja ni mstari tu, na pengo linaonekana kwa urefu wake wote. Waliutengeneza kwa namna ambayo unaweza pia kuutumia kama adhabu wakati wa mafunzo. Ujaribu. Usahihi wako wa kale unaweza kushuka kidogo. Acha ushuke, na umweleze msimamizi kwa nini.

Umeuliza kuhusu CT ya moyo. Programu yenyewe huwezi kuihamisha. Ulichokifundisha kinajua picha bapa ya rangi, na kule utapewa mchemraba wa namba. Utakachohama nacho ni maarifa ya jinsi ya kukosea.

Kwenye CT kila vokseli, yaani pikseli yenye pande tatu, ina namba ya Hounsfield: maji 0, hewa -1000, damu ya kawaida kama 40, karibu sawa na nyama iliyoizunguka. Ndiyo maana mgonjwa huchomwa dawa yenye ayodini, na damu inapanda hadi kama 300 au 400. Ukisikia hivyo unasema rahisi, weka kizingiti, chukua kila kilichozidi. Mimi nilisema hivyo. Miaka ile naanza kazi nilipewa skani ya kichwa na shingo kutoka hospitali fulani. Nikaweka kizingiti 250, nikabofya kwenye ateri kubwa ya shingo, nikaiambia programu ikue kwa kila vokseli jirani iliyozidi hapo. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta fuvu zima jekundu, meno ya juu yakiwemo. Ateri ile inapoingia kichwani hupita ndani ya mfereji wa mfupa, na mfupa nao una mamia ya Hounsfield. Dada yake mdogo, ateri inayopanda kwa nyuma, hupenya matundu ya pingili za shingo kuanzia ya 6 kwenda juu, mfupa umemzunguka kama shanga kwenye uzi. Kwa programu yangu damu na mfupa vilikuwa kitu kimoja, na vinagusana. Ile picha niliitunza kwa muda mrefu kwenye kompyuta ya ofisini, kila mgeni aliyepita alicheka.

Kwenye moyo mfupa haukusumbui, anayesumbua ni chokaa. Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa mara nyingi hukauka na kuwa na kalisi, ambayo inang'aa kuliko dawa. Programu ya kizembe inaihesabu kuwa damu, na mshipa uliokaribia kuziba unaonekana mpana. Ya uangalifu kupita kiasi inakosea upande wa pili, kwa sababu kalisi kwenye CT huchanua, yaani inaonekana kubwa kuliko ilivyo, na njia ya damu inaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Ongeza moyo unaodunda, na ile vena kubwa inayotembea bega kwa bega na ateri ya mbele ikiwa nayo imeshapata dawa kidogo, uone kama bodaboda wetu hatabadili barabara katikati ya safari.

Na huku hesabu ni kali zaidi. Ateri za moyo zina kipenyo cha milimita 3 au 4 mwanzoni. Vokseli moja ina upande wa kama nusu milimita. Chukua mshipa wa milimita 3 uliosinyaa ukabaki na njia ya milimita 1.5: hiyo ni vokseli 3 kwa upana, na kusinyaa ni asilimia 50. Programu ikikosea vokseli moja tu, ikaona 4, inaandika asilimia 33. Ikaona 2, inaandika 67. Madaktari wa radiolojia wanaita 25 hadi 49 kusinyaa kidogo, 50 hadi 69 kwa wastani, kuanzia 70 kukali. Vokseli moja juu au chini imemhamisha mgonjwa kutoka "kidogo" hadi mlangoni mwa "kali". Na wanaotumia umbo hilo kukokotoa mtiririko wa damu wana mzigo zaidi, kwa sababu ukinzani wa bomba hubadilika kwa nusu kipenyo ikipigwa kipeo cha 4: punguza nusu kipenyo kwa asilimia 10, ukinzani unapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Kampuni ya HeartFlow ya Marekani, ambayo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliiruhusu mwaka 2014 kukokotoa mtiririko kutoka CT, inaweka wachambuzi binadamu wa kukagua na kurekebisha mipaka ya mishipa kabla jibu halijatoka. Mtu akikuambia kompyuta yake haihitaji jicho la mtu, muulize anachora mishipa ya milimita ngapi.

Kuna shindano moja ambalo ningependa ulisome kabla hujaandika pendekezo la uzamili. Mwaka 2008 watafiti wa Rotterdam walitoa skani 32 za mishipa ya moyo, 8 za kujifunzia na 24 za kupimwa, wachoraji watatu wakafuatilia mishipa minne kwenye kila skani: mitatu mikubwa na tawi moja la kuokota. Kipimo chao kimoja ni cha kawaida, urefu uliopatikana. Cha pili kinahesabu tu sehemu yenye kipenyo cha milimita 1.5 na zaidi, kwa sababu chini ya hapo daktari mara nyingi hawezi kufanya lolote. Na kimoja kinahesabu umbali uliokwenda kabla ya kosa la kwanza. Basi. Ukikosea sentimita 2 baada ya kuanza, ukarudi barabarani ukaenda vizuri hadi mwisho, unapewa sentimita 2. Nilipokisoma mara ya kwanza niliona ni uonevu. Kisha nikamkumbuka mtu anayesukuma waya ndani ya mshipa wa binadamu: waya ukitoka njiani, uzuri wa njia iliyo mbele haumsaidii.

Kwa hiyo usiitupe programu yako, na usimpinge msimamizi mbele za watu. Iache 95 kwenye jedwali, mstari wa kwanza, na chini yake weka 87 ya mvivu na ile ya mchoraji wa pili, msomaji ajionee. Kisha idadi ya vipande vikavu, clDice, na umbali kabla ya kosa la kwanza kwa kila mshipa mkubwa unaotoka kwenye diski. Gawa matokeo kwa unene, mishipa minene peke yake na vimishipa peke yake, maana wastani wa wote pamoja unaficha. Ukipata muda, fanya la RITE.

Na ukimrudia daktari wa macho, usimpelekee picha kwenye simu. Chapisha kwa ukubwa, picha halisi upande wa kushoto na mchoro wako upande wa kulia, ateri nyekundu, vena bluu, na kila mahali ambapo programu yako imeunga pengo kwa kubahatisha, paka njano. Mpe kalamu. Atakapofika kwenye njano ya kwanza atakuambia aidha "hapa ndiyo" au "hapa hapana", na kila "hapana" yake ni data ambayo Waholanzi hawakukupa.